Mhandisi Awe Mwenyeji

Jumatatu, 3 Novemba
Baada ya alfajiri, darasa la watoto kama kawaida. Sura fupi, mara tatu. Wanaikimbiza.
Mvua. Mtaro wa soko umejaa tope na mifuko ya makaa. Maji yanaingia nyumba za watu.
Adhuhuri mjukuu wangu Zaituni alirudi kutoka komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Anatafutwa mhandisi wa barabara na mitaro, na tangazo limebandikwa mlangoni. Masharti matatu. Diploma ya ujenzi: anayo, ya Lubumbashi. Uzoefu: anao, alijenga makalavati huko Tenke. La tatu: mhandisi awe mwenyeji wa jimbo, kwa cheti cha sultani wa mila.
Amezaliwa hapa Kolwezi. Baba yake pia. Lakini babu yangu alitoka Kasongo, jimbo jingine, na biashara yake ya vitambaa, basi sisi ni wageni hadi Kiyama. Sharti hili linanichefua.

Alhamisi, 6 Novemba
Tata Kabwe, jirani anayefanya kazi komini, alikuja na uso wa furaha. Sultani mmoja upande wa Mutoshi yuko tayari kumpokea Zaituni katika ukoo wake, ampe jina la baba na cheti. Atapelekewa mbuzi na kitenge. Jambo moja tu: mtu mzima wa nyumba yetu asimame mbele ya watu, aseme kwamba mtoto huyu si wetu, tulimlea tu.
Nilimwambia kwamba tumeamrishwa watu waitwe kwa baba zao.
Alicheka. "Tata Malimu, ni mugini tu tunabadirisha. Dini inabakia."
Kwake kijiji cha asili ni kitu cha kubadilisha tu. Alipoondoka sikumpa mkono.

Ijumaa, 7 Novemba
Hotuba: ushahidi wa uongo. Nilisema kwa ukali. Safu ya mbele waliinamisha vichwa, nikadhani ni unyenyekevu. Baadaye nimeambiwa kwamba wawili kati yao wamekwisha kuwapatia watoto wao vyeti vya namna hiyo. Wanaita kuvaa koti.
Kinyaa.

Jumatatu, 10 Novemba
Mwanangu Selemani, baba yake Zaituni, dereva wa lori. Tulipokuwa tukila alisema, bila kuinua macho, kwamba nikikataa atakwenda yeye.
"Baba, jina yangu haimulishi."
Mwanamume mzima. Yuko tayari kumkana mtoto aliyemzaa, ili mtoto apate meza ofisini.
Nilimgeukia Zaituni. Nilitumaini atakataa. Huniita kambo, babu, tangu utotoni.
"Kambo, mi natafuta kazi. Baba niko naye."
Nilinawa mikono, nikatoka. Jibu lake nalo linaniudhi.

Alhamisi, 13 Novemba
Wamekwenda. Mimi sikwenda.
Kabwe alinisimulia yote kana kwamba ni arusi. Selemani alisimama, kofia mkononi, akasema hakumzaa. Watu wakapiga makofi ya heshima. Mbuzi akachinjwa, sijui na nani. Zaituni sasa ni binti wa marehemu nduguye sultani, mtu ambaye hakupata kumwona.
Sikula.
Mwanangu amekosa, na nitamwambia hadi nife. Lakini wale walioliandika sharti hili wameketi kwenye viti vyao, wakingoja watu waje kukana damu yao, nao hujiita walinzi wa mila. Wananuka.

Jumatano, 26 Novemba
Amepewa kazi. Wakubwa wa komini wanamsifu: mtoto wa nyumbani. Wanajua. Kila mmoja wao anajua.
Mtaro wa soko umezibuliwa. Maji yanakwenda yanakopaswa kwenda. Kazi ni safi, siwezi kusema vingine.
Selemani hunisalimu. Naitikia, kwa kuwa ni wajibu.

Ijumaa, 12 Desemba
Baada ya swala nilipita sokoni kununua sukari. Zaituni alikuwa ng'ambo ya barabara, amevaa buti za mpira, akiwaonyesha watu wa koleo mahali pa kuchimba. Mtu akamwita kwa jina la ukoo ule. Akageuka mara moja, akaitika.
Hakuniona. Nikarudi kwa njia ya nyuma.
Alasiri nilimwombea, nikimtaja kwa jina la baba yake, Selemani.