Bibi, Kaa!

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba ya mapema, maana najua ungeanza na shikamoo. Hatujambo, ila goti langu linalalamika kama kawaida yake. Wewe je, huko kazini unakula lakini?

Leo nimempeleka mwanao kwenye bwawa la mazoezi, pale hospitali. Si bure tunamwita Chiriku: mdomo unatembea tangu zamani, miguu ndiyo bado, na sasa ana miaka minne. Maji ni ya uvuguvugu, yanamfika kifuani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitaka kuona kama atasimama peke yake, ageuke, aufuate mpira. Mimi huyo, nikaingia na gauni langu! Nikamshika kwapani, akaufuata vizuri sana. Mtaalamu akacheka: "Bibi, tunampima mtoto, siyo wewe." Hakuandika kitu. Ati turudi mwezi ujao, na tusipompa cha kuandika, nafasi yake ya mazoezi atapewa mtoto mwingine. Makubwa haya!

Mama yako

15 Machi

Mama,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia. Nimecheka mpaka wenzangu wakauliza kulikoni, kisha nikalia. Mama, mwachie. Nafasi hiyo tumeisubiri mno. Mtaalamu yuko hapo hapo, mtoto hatazama. Nikija likizo nikamkuta anatembea, hata kwa kushika ukuta, sitaomba kitu kingine.

Binti yako

9 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Sisi wazima. Nisamehe kimya, nilikuwa nimenuna. "Mwachie", unasema, na mgongo unaombeba ni wangu!

Leo nilikaa ukingoni, mikono nimeikalia. Kweli nimeikalia! Mtaalamu akamwachia katikati ya maji. Akayumba, akazama mpaka puani. Nikapiga ukelele, nikainuka. Chiriku akatema maji, akanikazia macho: "Bibi, kaa!"

Nikakaa. Akatandaza mikono, akasimama, akaufuata ule mpira mpaka ukutani. Mtaalamu akaandika mpaka akageuza karatasi. Nafasi ni yake. Machozi yalinitoka, nikasingizia dawa ya bwawa.

Nyumbani sasa anaambaa na ukuta, na ukuta ukiisha anaachia. Akianguka anajipa pole mwenyewe, anainuka.

Basi ukija, usimkimbilie. Najua mikono itakuwasha, yangu iliniwasha mpaka ikafa ganzi. Ifiche mgongoni, simama mlangoni umngoje. Atachelewa kidogo, lakini atafika.

Mama yako