Kunja, Koko

Jumamosi, Euless, huku Marekani. Ukungu umeshuka mpaka kwenye paa za maegesho. Ndege zinazotua leo tunazisikia tu, hatuzioni. Nimeamka na shukrani, na chini ya shukrani kuna kitu kingine ambacho nitakitaja nikifika.

Jana mjukuu wangu Neema alirudia mtihani wa kuombea nafasi ya kusomea udaktari wa meno. Mara ya kwanza kemia na baiolojia zilimnyookea. Kilichomwangusha ni maswali ya maumbo. Unaonyeshwa mchoro wa karatasi ya mraba ikikunjwa, ikikunjwa tena, kisha ikitobolewa. Useme ikikunjuliwa matundu yatakuwa wapi. Hugusi karatasi yoyote. Yote uyafanye kichwani.

Mama yake, binti yangu Riziki, anayefanya kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege, alishasema: "Mara hii ikikataa, uende unesi kama wenzako. Meno ya Wamarekani hayatakosa mtu." Alisema akicheka, lakini hakuna aliyecheka naye.

Mimi nilifundisha watoto kusoma, kule Uvira, kabla vita havijatutoa. Maumbo siyajui. Nilichoweza ni kununua pakiti ya karatasi na kidude cha kutobolea, nikawa ninamkunjia mezani kila asubuhi. Neema alitazama siku chache, kisha akanirudishia mimi bibi yake karatasi.

"Koko, hii ni cheating. Kule sitakuwa na karatasi. Mimi nita-close macho. Wewe kunja tu, uniambie."

Basi nikawa ninakunja na kusimulia. Kona ya juu kulia inakuja katikati. Nusu ya chini inapanda juu. Ninatoboa karibu na ukingo wa kushoto. Naye, macho kayafumba, chai inapoa, ananiambia matundu yako wapi.

Mtoto huyu nimemlea kwa Kiswahili, naye amenijibu kwa Kiingereza, au kwa kuchanganya, tangu alipoanza shule. Niliacha kulalamika zamani. Sasa pale mezani akawa ananiuliza mshazari ni nini, ukingo ni upi, na kunikosoa nikisema kulia badala ya kushoto. Viduara vya karatasi vilijaa kwenye zulia. Riziki akasema nyumba imekuwa ukumbi wa harusi ambayo bibi harusi hakufika.

Sikumwambia mtu, lakini nilitamani mtihani uchelewe.

Jana alirudi mchana, nikiwa ninachambua maharage. Alama huonekana palepale kwenye skrini, na zilikuwa nzuri, za maumbo kuliko zote. Riziki akapiga vigelegele hadi jirani yetu Mkenya wa ghorofa ya juu akashuka kuuliza nani anaolewa.

"Msimamizi alinikata jicho," Neema akasema. "Nilikuwa nina-whisper. Kunja mshazari, kunja mshazari. Alifikiri ninaomba."

"Kwani ulikuwa huombi?" mama yake akamjibu.

Chuo anachokitaka kiko Houston. Ndicho kile kitu kilichokuwa chini ya shukrani. Wao wakishangilia, mimi nilipima kwanza urefu wa barabara ya kwenda huko, ndipo nikamshukuru Mungu. Kisha nikamshukuru tena, kwa kumaanisha. Watu wengi wa nyumba yangu waliondoka kwa kukimbia. Huyu akiondoka, ataondoka kwa kuitwa.

Leo asubuhi niliketi mezani kwa mazoea, karatasi mbele yangu, nikajicheka. Mtihani umeisha. Nikaanza kuzirudisha kwenye pakiti.

Neema akatoka chumbani, kitambaa cha kulalia bado kichwani, akavuta kiti, akafumba macho.

"Kunja, Koko."

Nikamuuliza kwa ajili ya nini.

"Kunja tu."

Nikakunja, polepole, mshazari kwanza.

Pakiti bado ina karatasi nyingi. Nimeamua tutazimaliza kabla ya Houston.