Kuku wa Mgongoni

Jumatano, Mjimwema

Natangaza rasmi, mbele ya nafsi yangu: leo nimekabidhiwa mkasi. Miezi minne nimefumua nguo na kupiga pasi, mwanafunzi wa miaka arobaini na mbili, hadi Fundi Mama Tuzo aliponiambia, "Haya, shona gauni la bibi wa Mpitimbi. Mimi nakwenda msibani."

Nikakata, nikashona. Mishono imenyooka kabisa. Tatizo ni kuku waliochorwa kwenye kitenge. Mbele wamesimama vizuri, mgongoni wote miguu juu.

Mama Tuzo aliporudi hakugomba. Alinyoosha tu mkono aupokee mkasi wake. Nikajua narudi kulima Matogoro.

Hapo bibi akaingia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hawa wa nyuma wamekufa?"

"Nimekosea bibi. Ndiyo najifunza."

Akalivaa, akajigeuza kwenye kioo, kisha akainama kama anayepalilia, akachungulia tena.

"Mbona nikiinama wanasimama? Na mimi kutwa nimeinama shambani. Nifungie, naondoka nalo."

Mama Tuzo akacheka hadi akakaa. Mkasi akaniachia.

Kesho nakata mifuko ya ndani ya suruali. Kitambaa ni cheupe, hakina kuku.