Mimi si Kinyonga

Mwanangu,

Supu nimeitia kwenye chupa ya chai, mpelekee mkeo wodini ikiwa bado moto. Vinguo vya mtoto vipige pasi kwanza, usisahau!

Asubuhi daktari kapiga simu: mjukuu wangu hatoki kwenye mashine ya joto wiki hii. Na ndege yangu ni kesho! Ulipotaka kunikatia tiketi inayoruhusu kubadilisha tarehe nilikufokea: ghali ya nini, mimi si kinyonga, siku niliyoitaja ndiyo siku. Sasa nimewapigia watu wa ndege, wanasema ya bei rahisi haisogezwi ng'o. Nimekwenda ofisini kwao kuwapigia magoti.

~~Wakikataa, nifungie sanduku.~~

Wakikataa, ndege iondoke na kiti kitupu. Mwambie mkeo kinyonga amebaki.

Mama mkwe wako