Mguu wa Bwana Ishibashi

Tera-machi,
Matsue, Shimane,
Japani.
13 Juni 2019

Mpendwa mdogo wangu Sanae,

Hujambo huko ng'ambo, Londrina? Shemeji Rogério hajambo? Na mwanenu Naomi, kikohozi kimemwachia? Mimi mzima wa mwili, namshukuru Buddha. Magoti yananung'unika kwa mvua hizi, lakini wewe unayajua magoti yangu, hayajawahi kuridhika. Ukipitisha kidole ukakuta baadhi ya nukta za maandishi yetu ya wasioona zimetoboa karatasi, usinicheke. Nikiwa na hofu nabonyeza sana.

Kahawa yako imefika. Jirani yangu Bibi Ogata alionja akasema ni chungu kama dawa ya minyoo, kisha akaomba kikombe cha pili.

Sasa nikueleze kinachoninyima usingizi. Tangu mwezi wa nne, pale kituo cha basi pamefunguliwa duka la masaji, moja ya yale yenye jina moja nchi nzima. Watu wanaliita Duka la Njano kwa sababu ya kibao chake. Mimi njano niliiona mara ya mwisho nina miaka minane. Bei yao ni nusu ya yangu, na wafanyakazi wao hufundishwa wiki mbili. Mimi na wenzangu tulisoma miaka mitatu shule ya wasioona, tukafanya mtihani wa serikali. Wao hawana leseni, kwa hiyo hawathubutu kutamka neno matibabu. Wanasema wanaburudisha mwili.

Tulikuwa wakandaji tisa wasioona katika mji huu. Tumebaki watatu, na huenda nimehesabu vibaya, maana Kitajima amekubali kutundika kibao chao mlangoni kwake. Unamkumbuka Kitajima, aliyekuwa akiniomba majibu darasani? Nilimpigia simu. Akacheka kicheko kisicho na raha, akasema, “Fumiyo, mimi siku hizi sikandi. Nahesabu hatua tu.”

Hatua zenyewe za kukanda, zilizo kwenye kitabu chao, ni kumi na mbili, nami nazijua, kwa sababu mtu wao alikuja hata kwangu. Anaitwa Segawa, ana sauti tamu ya mtangazaji wa redio. Alisema nitumie jina lao na kitabu chao, wateja watajaa. Nikamuuliza, “Na mteja akija ana mguu usiofaa kukandwa?” Akajibu, “Mama, mteja hakataliwi. Unafuata hatua, anaondoka amefurahi.” Karatasi yake ya mkataba niliiweka kwenye kimadhabahu cha nyumbani, mbele ya picha ya marehemu baba. Sijui kwa nini pale. Labda nilitaka baba aisaini badala yangu.

Bwana Ishibashi, yule muuza tofu ya maharage, amekuwa mteja wangu miaka ishirini na miwili, kila Jumanne saa kumi. Mwezi uliopita alilala kitandani wiki mbili kwa homa ya mapafu. Alipokuja nikamfunika kitambaa kama kawaida, nikaanza mabegani, nikashuka. Kufika shavu la mguu wa kushoto, nikaondoa mikono. Lilikuwa limevimba, ngozi imekaza, na joto linapita kwenye kitambaa. Sanae, mguu wa namna hiyo huenda una damu iliyoganda ndani. Ukiukanda, lile donge linaweza kupanda hadi kwenye mapafu likamuua mtu papo hapo. Hilo tulifundishwa mwaka wa kwanza.

Nikamwambia sitamkanda, aende hospitali siku ile ile. Akakasirika, hata “Mwalimu” yake ya heshima ikatoka kwa ukali. “Mwalimu, miaka yote hii leo ndiyo unanifukuza? Kwani nanuka?” Nikamjibu, “Unanuka maharage tangu tujuane, nenda hospitali!” Alitoka bila kuaga.

Jumanne iliyofuata sikumsikia. Juzi, Jumanne hii, nikasikia buti zake za mpira zikilia barabarani. Mbele ya mlango wangu zikanyamaza. Mjinga yule alikuwa ananyatia, anadhani kwa kuwa sioni na masikio nimeazima! Halafu zikalia tena kuelekea kituo cha basi.

Nilikaa pale na kitambaa mkononi. Nakuungamia wewe peke yako: sikuinuka mara moja. Niliona aibu. Nilijua watasema Fumiyo amekuja kunyang'anya wateja. Nikakaa nikiona aibu, na mtu anakwenda kufa.

Mwishowe nikachukua fimbo. Sijawahi kutembea vile, niligonga hata baiskeli ya posta. Kule ndani ya Duka la Njano msichana wa mapokezi akaniambia kwa upole, “Bibi, umepotea? Kituo cha basi ni mbele kidogo.” Nikapaza sauti, “Ishibashi! Usikubali waguse mguu wa kushoto!” Nyuma ya mapazia mtu mmoja akacheka. Kisha nikamsikia Ishibashi, kwa sauti ndogo, “Mwalimu, bado tuko mgongoni.”

Walikuwa hatua ya saba. Mguu ni ya nane.

Binti aliyekuwa akimkanda hakuwa mkorofi. Akaniuliza nimejuaje. Nikauchukua mkono wake, nikauweka taratibu juu ya ule mguu, nikamwambia asibonyeze, asikilize tu. Akauacha mkono pale. Kisha akasema, “Samahani, mimi naona mguu uko sawa tu.”

Ishibashi yuko hospitali. Ni damu iliyoganda kweli, madaktari wanasema amewahi. Mkewe ameniletea tofu na machozi. Lakini mimi sijatulia. Ule mkono mchanga wenye nguvu ulilala juu ya kifo na haukusikia kitu. Hiyo ndiyo mikono itakayobaki mjini tukiisha sisi. Wateja kuondoka kunaniumiza, ila hili linanitisha.

Na Segawa anataka jibu mwisho wa mwezi. Ningependa kukuambia nimeichana karatasi. Sijaichana. Jana nzima hakuja mtu, na nimekamata karatasi ile mara tatu. Naogopa nitasaini, Sanae.

Nisalimie shemeji, mbusu Naomi, na umwambie Shangazi Hatsue nimepata soksi zake. Baba na mama wakulinde huko uliko.

Umesema utakuja mwezi wa nane kuwapokea marehemu wetu, roho zao zinaporudi nyumbani. Ndege ni saa nyingi za kukaa, na damu huganda kwa kukaa hivyo. Ukishuka, kuna duka lao uwanjani. Usiingie hata ukichoka vipi. Njoo kwangu moja kwa moja, niushike mguu wako. Na ukinisikia nahesabu hatua, ondoa mikono yangu.

Ni mimi dada yako anayekuwaza,
Fumiyo