Mtoto Mwenye Jina la Susu

Jumatatu, 3 Februari
Simpendi mtoto wangu. Sijamwambia mtu. Ninamwosha, ninamnyonyesha, ninaanika nepi. Akinitazama sisikii chochote. Kama nimeshika mtoto wa jirani.
Amepewa jina la Susu, nyanya yangu anayeishi kijiji cha Nuu. Kwa hivyo hapa nyumbani hagombezwi. Kwetu mtoto ni yule aliyepewa jina lake; kumgombeza ni kumgombeza Susu mwenyewe. Mimi humgombeza moyoni kutwa nzima.

Jumatano, 5 Februari
Kliniki. Nesi aliniuliza kama ninalala, kama ninalia. Nikasema niko sawa. Hakuamini. Akasema nirudi Ijumaa ya wiki ijayo na mtu wa nyumbani. Mtu gani? Tangu niache shule Mama haniangalii usoni. Akina mama wa kanisa walipeleka sukari na unga kwa mke wa mwalimu alipojifungua. Kwetu walipita tu.

Jumamosi, 8 Februari
Shambani, kupiga maganda ya ndengu kwa fimbo. Mama alienda kuteka maji. Mtoto alikuwa kivulini, juu ya gunia. Akaanza kulia. Nikaweka fimbo chini, nikaondoka. Nilitembea hadi mtoni, nikakaa kwenye mchanga mkavu. Nilitaka kuendelea, nisirudi. Maziwa yakalowesha blauzi.
Nikarudi. Kivuli kilikuwa kimehama. Mama alikuwa amembeba. Akanipa mgongo. Afadhali angenipiga.

Jumapili, 9 Februari
Mama alimpigia Susu simu. Amefika leo. Hakunisalimia.
"Nimesikia uliniacha kwa jua."
Nikamvutia kiti.
"Nikalia mpaka sauti ikaisha?"
"Ndiyo, Susu."
"Nilikuwa nimekukosea nini?"
"Hakuna."
"Hata kidogo? Na vile mimi ni msumbufu."
Nilicheka. Kisha nikalia, nikamwambia yote. Hata kwamba simpendi. Nilijua ninamwambia yeye usoni.
Akampakata mtoto. "Sawa. Mimi sina haraka."
Nikamwomba asimwambie Mama. Hakuahidi.

Ijumaa, 14 Februari
Nilienda kliniki na Susu. Aliongea sana, mpaka nesi akamwomba atungoje nje. Nikasema ukweli, kwa sauti ndogo. Nimepewa siku ya kuonana na mshauri. Pia kuna kikundi cha wasichana wenye watoto. Nitajaribu. Nimechoka.
Jioni Mama aliniletea uji, akakaa hapo mpaka nikamaliza. Kama Susu amemwambia, sijui. Sikuuliza. Alichukua kikombe na mtoto, akaniambia nilale.