Kilimi cha Irshad Hakikatwi Tena

Kamenu, Thika
14 Agosti 1996

Mpendwa Mjomba Abdulnasir,

Shikamoo. Waendeleaje huko Kisumu, na goti lako limepoa? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa Irshad wangu, na ndiye aliyenishikisha kalamu.

Umeagiza arudishwe kwa fundi wa vilimi kule Ruiru, eti kile kinyama cha kilimi kimeota tena kooni. Mjomba, nakuheshimu kama baba, lakini kwa hili sikusikii. Fundi yule alimkata mwaka jana, wewe mwenyewe ukimshika miguu. Mtoto akatema damu hadi jioni, na mkoromo ukabaki palepale. Kilimi kinachoota kila mwaka si kilimi, ni ukoka.

Nyinyi hufurahi mkisema anakoroma kama marehemu babu yake. Hamlali naye, mimi nalala naye. Anakoroma, mara kimya, kifua kinavuta na hewa haiingii, kisha anashtuka akitweta. Mchana anasinzia darasani, na mwalimu kamwita mvivu, mtoto wa miaka mitano. Naogopa asubuhi moja nitamwamsha asiamke.

Daktari wa koo amemmulika. Mafindofindo yamevimba karibu kugusana, na nyama za nyuma ya pua nazo zimevimba, kwa sababu ya mafua na homa za koo zisizokwisha. Nikauliza habari ya kilimi. Akasema, "Mama Irshad, hiyo kilimi wacheni. Hizi nyama ndizo zinamfungia hewa, na lazima zitolewe."

Rama amekubali, ila anaogopa kukuudhi. Nimemwambia mume wangu lawama aniachie mimi. Juzi fundi alifika mlangoni na wembe wake, akidai umemtuma wewe. Nilimpa chai, akanywa, nikamsindikiza hadi barabarani.

Usidhani sina hofu. Watamlaza kwa dawa, nami nitabaki nje ya mlango nikisoma kila dua niliyofunzwa. Lakini siwezi kuendelea kukaa nikimhesabia mwanangu pumzi.

Msalimie sana Anti Zahra na watoto wote. Mungu awape afya na riziki ya halali, na utuombee hata ukiwa na hasira.

Operesheni ni kesho asubuhi. Barua hii nitaiposti tukienda hospitali, kwa makusudi, maana ungeipata mapema ungepanda basi uje kunizuia. Ukiisoma, yatakuwa yameshakwisha.

Mpwa wako akupendaye, na asiyekutii,
Firdaus